Mzungu Anayekohoa Upande wa Pili

Showground, Eldoret
5 Januari 2008

Jepchumba,

Salamu ningekutumia, lakini nitazitoa wapi? Niko hai. Naomi yuko hai, amelala hapa kambini kwenye nyasi, kichwa juu ya paja langu. Msichana wa chuo amegeuka mtoto tena, hataki niende hata chooni bila yeye. Nguo niliyovaa ni ile ile uliyoniona nayo siku moto wa baada ya kura ulipofika kwetu.

Nakuandikia wewe kwa sababu tumegawana ua na kisima tangu nilipoolewa hapo Turbo, na kama kuna mtu wa kabila lenu ninayeweza kumuuliza neno hili bila kutetemeka, ni wewe. Umemwona Kiarie?

Tulikuwa tumeshapanda lori. Mguu wake mmoja ulikuwa ndani. Halafu akapiga kelele, "Santuri!" akaruka chini. Nikamwambia, Baba Naomi, hiyo takataka iache iungue! Wapi. Mwanamume mzima, fundi wa redio anayeheshimiwa soko zima, anarudi motoni kwa ajili ya vijana watano wa Uingereza wenye tai nyembamba! Wewe unajua alivyo na kile kitu. Eti ndiyo santuri yao ya kwanza kabisa, eti waliiimba kwa siku moja mwaka wa sitini na nne, mmoja wao akiwa na mafua, eti aliinunua mnadani, mzungu mmoja mwenye shamba alipokuwa anarudi kwao. Na kila mgeni lazima anyamazishwe asikie yule kijana akikohoa upande wa pili, kabla ya wimbo wa mwisho. "Sikia! Sikia mtu akikohoa zamani!" Nimekichukia kile kikohozi tangu nilipoolewa. Leo ningelipa ng'ombe nikisikie.

Lori halikumngoja. Pampu yake ya pumu imebaki mfukoni mwangu. Naishika hapa ninapoandika. Unajua kifua chake kikivuta moshi.

Simu yangu iliungua, na kadi za simu hapa hazishikiki kwa bei. Mchungaji Wepukhulu anapita na pikapu ya kanisa kuleta unga, naye kwa kuwa ni Mbukusu, si wa kabila lenu wala letu, bado wanampisha. Mpe yeye jibu lako. Hata kama ni baya, mpe.

Njambi, Mama Naomi


Turbo
9 Januari 2008

Mama Naomi,

Barua yako ilinifikia kwa sababu ilikaa ndani ya Biblia ya Mchungaji. Tangu jana hata Biblia zinafunguliwa. Vijana walio kwenye kizuizi cha barabara husoma kila karatasi inayopita, ni kazi waliyopewa. Kigen, mtoto wa marehemu kaka yangu niliyemlea mimi, yuko nao. Kwa hivyo tusiandikiane mambo mengi. Tupeane salamu, inatosha.

Kiarie sijamwona. Nyumba yenu imeungua yote, nimeona bati tu. Pole sana, dada yangu. Maombi unayomwombea usiyapunguze, yaache vile vile yalivyo.

Nina shida moja. Ukipata betri huko, zile kubwa, nitumie sita. Ni za redio yangu, nataka kusikia habari. Maduka yote ya huku yamefungwa. Ziwe sita, zisipungue. Na usiniulize sana.

Kuku wako wawili wako kwangu. Yule mwekundu anataga.

Priscah Jepchumba


Showground, Eldoret
15 Januari 2008

Jepchumba,

Nimekuomba habari za mume wangu, ukanijibu habari za kuku. Nikavumilia. Nikasema labda anaogopa. Sasa sikiliza.

Jana amefika hapa Perez, yule mama aliyekuwa akiuza mboga karibu na posho mill ya kusaga unga. Anasema alipita nyuma ya nyumba yako akitoroka. Anasema ndani kulikuwa na muziki wa kizungu, wa gitaa na ngoma, juu kabisa, mchana kutwa. Unacheza santuri, watu wakizikwa! Mimi nikasema Perez ni mwongo. Halafu nikaikumbuka barua yako. Betri sita za redio! Redio yako inatumia betri mbili ndogo, Jepchumba, na anayeitengeneza ni mume wangu. Kitu kinachokula betri kubwa sita nakijua, nimekipangusa vumbi tangu nikiwa bibi harusi. Ni gramafoni ya Kiarie.

Basi jibu hili moja. Santuri ndiyo iliyomrudisha motoni. Hangeiachilia akiwa hai, hata angevunjwa vidole. Kama santuri iko kwako, naye alifika kwako. Uko naye au mlimuua ukabaki na vitu vyake? Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo. Nilikushika mkono ukizaa Jackson. Ulikula kwangu Krismasi iliyopita, juzi tu, mchuzi ukaukubali ukaongeza. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Betri nimepata. Tuligawiwa hapa pamoja na tochi, na wazee wakaniongezea zao mpaka zikatimia sita. Nilikuwa nazo mkononi, tayari nimezifunga kwenye kitambaa. Nimezigawa. Izungushe kwa mikono yako.

Usijidanganye kwamba nitanyamaza kwa kuwa barua zinasomwa. Wasome. Wajue umeiba.

Njambi


Showground, Eldoret
21 Januari 2008

Jepchumba,

Sijui kama karatasi hii itatoka hapa. Mchungaji amekataa kuibeba.

Amerudi leo asubuhi, uso umebadilika. Anasema barua yangu ilichukuliwa kizuizini. Anasema waliisoma kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakicheka, mpaka walipofika mahali nilipoandika "uko naye." Hapo wakaacha kucheka. Wakaikunja wakaondoka nayo kuelekea kwako. Mchungaji aliambiwa ageuze gari.

Akanitazama, akaniuliza, "Mama, kwani hukufikiria?"

Ngai, Mungu wangu. Sikufikiria. Nilifikiria wewe tu, na hasira. Sikufikiria kwamba kama yuko hai, basi yuko mahali, na mahali penyewe ni kwako, na mimi nimewaandikia. Naomi aliposikia hakulia. Alihama akaenda kukaa upande ule mwingine wa hema na hajarudi.

Jepchumba, niandikie hata neno moja. Niandikie matusi. Tangu asubuhi naibonyeza hii pampu mfukoni, dawa inatoka bure, siwezi kuacha.

Njambi


Turbo
28 Januari 2008

Mama Naomi,

Barua hii iko ndani ya soksi ya mtu unayemjua. Kama unaisoma, basi amekufikia. Ukimaliza kumshika, kaa chini usome, maana yeye hatakueleza. Siku hizi haongei.

Alikuja kwangu usiku ule ule, santuri kifuani, gramafoni mgongoni kama mtoto. Nikampandisha juu ya dari, pale Jackson huweka mahindi ya mbegu akiwa nyumbani. Nikasema atakaa mpaka asubuhi. Asubuhi barabara zilikuwa zimefungwa pande zote.

Kile kifua, Mama Naomi! Vumbi la mahindi na moshi. Alikuwa akikohoa mpaka mbao zinatikisika, na nyumba yangu unaijua, mtu akipiga chafya barabarani wanamsikia. Nikawaza nifanye nini. Nikawaza kuimba, lakini nani ataimba kutwa? Ndipo nikaiona santuri mezani.

Nikaicheza. Juu kabisa, kama Perez alivyokuambia. Vijana wa kizuizini wakipita, nacheza. Wakiingia kuomba maji, nacheza. Nikawaambia Kiarie aliniachia alipokimbia, na kwamba mimi mjane najifariji. Wakasema mama amechanganyikiwa. Sawa, mwenye kuchanganyikiwa hapekuliwi. Wale Waingereza watano walipiga ngoma, mzee wako akakohoa chini ya kelele zao, na hakuna aliyejua.

Shida ni kugeuza. Upande mmoja hauchezi hata robo saa. Ukiisha, lazima niinue sindano, nigeuze, niweke tena, na pale katikati kuna kimya. Sijawahi kuogopa kitu maishani kama kile kimya. Niliharakisha mpaka nikaukwaruza wimbo wa tatu, aniwie radhi. Yeye akajifunza. Nikigeuza, anauma blanketi.

Halafu betri zikaanza kufa. Ndiyo sababu nilikuomba. Nilijua ukisoma "sita" utajua ni gramafoni, na nikatumaini utajua na lile jingine. Ulijua nusu.

Sikulaumu. Nasema tu ilivyokuwa.

Walikuja jioni na barua yako. Walikuwa saba au nane, Kigen mbele. Niliwaona tangu kwenye kisima nikakimbia ndani, nikaweka upande wa pili, kwa kuwa ndio wenye kelele zaidi. Lakini betri zilikuwa zimechoka, na wale vijana waliimba polepole kama walevi wanaorudi nyumbani. Kijana mmoja mrefu akanisomea barua yako, yote, hata yale ya mchuzi. Wengine wakaanza kupekua. Chini ya kitanda, ndani ya ghala, ndani ya pipa. Mmoja akaliinua jiko kana kwamba Kiarie angeingia humo. Mimi nimesimama karibu na gramafoni.

Sasa sikia. Mzee wako alikuwa na mpango, na hakuwa ameniambia. Anaijua ile santuri kama jina lake. Anajua wimbo unapoisha, kuna nafasi kidogo, ndipo yule mzungu anakohoa. Alikuwa amekibana kikohozi chake upande mzima, amengoja nafasi ile akohoe pamoja na mzungu. Angefanikiwa. Lakini betri zimechoka, santuri inakwenda polepole, nafasi ile imerefuka. Wimbo ukaisha. Kiarie akakohoa. Mzungu alikuwa bado.

Kikohozi kikatoka juu ya vichwa vyetu, halafu kidogo tu kikatoka cha pili kwenye gramafoni, kizito kama cha ng'ombe.

Wote wakasimama. Yule mrefu akauliza, "Nani amekohoa?"

Mimi sijui mdomo wangu uliyapata wapi maneno. Nikasema, "Ni mzungu."

"Mzungu gani?"

"Wa santuri. Huwa anakohoa. Muulize Kigen, yeye anaijua."

Mungu anisamehe, nilimtaja mtoto wangu kwa kuwa sikuwa na shahidi mwingine. Unakumbuka alivyokuwa akikaa kwenye benchi la duka lenu baada ya shule, akila mahindi na kusikiliza. Wakamgeukia. Kigen akasema, "Rudia."

Nikarudisha sindano. Tukasikiliza wote, wale wenye mapanga na mimi, mwisho wa wimbo ukijivuta, halafu kimya, halafu mzungu akakohoa. Mara moja, peke yake. Juu hakukuwa na sauti. Baadaye Kiarie aliniambia alikuwa amejifunga blanketi mdomoni, akaona nyota, akadhani amekufa.

Wale wengine wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakaanza kuigiza, kila mmoja akikohoa kizungu. Kigen hakucheka. Alitazama dari. Akanitazama mimi. Nikaona amenitazama muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha akasema, "Twendeni. Hapa ni mama na redio mbovu." Wakachukua unga wangu na yule kuku mwekundu wakaenda.

Tangu siku hiyo silali. Hajaniambia neno. Anakuja, anakula, ananitazama. Sijui kama alijua au hakujua, na siwezi kumuuliza, maana nikimuuliza nimemwambia. Nikisikia miguu yake mlangoni nashika komeo, na mimi ndiye niliyemlea kwa mikono hii.

Leo kuna askari barabarani na Mchungaji amekubali. Mzee wako atalala ndani ya pikapu chini ya magunia matupu. Mpe pampu yake.

Jepchumba


Showground, Eldoret
3 Februari 2008

Jepchumba dada yangu,

Amefika. Alishuka kwenye pikapu mweupe kwa unga, akasimama tu. Naomi ndiye aliyemtambua kwanza. Nikampa pampu, akaivuta, na haikuwa na kitu. Nilikuwa nimeimaliza kwa kuibonyeza hovyo. Tukamkimbiza kwa daktari wa hapa, akapona. Lakini nataka ujue kwamba hata hilo nilikaribia kuliharibu.

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Asante ni neno la mtu aliyeazimwa chumvi. Nilikuita mwizi, nikakuita muuaji, kwa maandishi, wakakusomea ndani ya nyumba yako ukiwa umesimama karibu na mume wangu. Nilikuwa na zile betri mkononi, Jepchumba. Nilikuwa nimeshazifunga. Naona aibu, na aibu yenyewe haina pa kwenda.

Hapa kuna kijana mwenye redio, ikipiga nyimbo Kiarie anaacha kupumua kabisa mpaka nimguse. Nilimuuliza tukuombe uitume santuri. Akatikisa kichwa. Neno lake la kwanza kwa siku mbili: "Ikae huko huko."

Tunaondoka kwenda kwa dada yake Nyahururu. Kurudi sijui. Jihadhari na Kigen. Simjui moyo wake, lakini mtu aliyeshika panga mara moja, mkono haukumbuki jembe.

Njambi wako


Turbo
20 Februari 2013

Mama Naomi,

Najua utasema mbona nisipige simu. Simu ni ya kuulizana bei ya mahindi. Mambo yetu sisi yalizoea karatasi.

Nimezipata betri. Asante sana, dada yangu. Nilizikuta mlangoni alfajiri, kubwa sita, mpya, zimefungwa kwenye mfuko. Nikajua mara moja ni wewe, na nikalia, sikufichi. Sijui ulimtuma nani, angeingia anywe chai. Lile deni ulilokuwa ukijihesabia miaka yote hii, sasa limekwisha, tafadhali usilitaje tena.

Ni kweli nimekuwa na hofu. Mwaka huu wakubwa wanapeana mikono jukwaani na kusema watu wenu na watu wetu ni kitu kimoja, na watu wanashangilia. Lakini nimeona wanunuzi wa unga wamekuwa wengi dukani. Jirani yangu Mama Tyson amepeleka watoto kwao Bungoma, anasema ni likizo. Likizo gani, na shule hazijafungwa?

Na kuna Kigen. Ameoa, ana ng'ombe watatu, ni mzee wa kanisa sasa. Lakini uchaguzi ukikaribia huja kuniuliza, "Anti, ile santuri bado unayo?" Aliniuliza mwaka wa kura ya katiba, ameniuliza tena wiki iliyopita. Hasemi zaidi ya hapo. Namjibu ndiyo, ananyamaza, anaenda. Sijui ananitisha au anafanya nini. Ni miaka mitano, Mama Naomi, nami bado nafunga mlango kwa komeo mbili kwa ajili ya mtoto niliyemnyonyesha.

Mzee wako anaendeleaje na kifua?

Jepchumba


Nyahururu
26 Februari 2013

Jepchumba dada yangu,

Kiarie yuko salama. Anatengeneza redio tena, ila anazijaribu kwa habari tu, muziki hapana.

Nimekaa na barua yako siku nzima kabla ya kukujibu, kwa sababu ningeweza kunyamaza nikapokea shukrani. Ningependa sana kuipokea. Lakini nilishakuandikia uongo mara moja nikiamini ni kweli, sitakuandikia mwingine nikijua.

Mimi sikutuma betri.

Nilifikiria kutuma, kila mwaka. Niliona ni mzaha mbaya, nikaacha. Nimemuuliza Kiarie, si yeye. Naomi yuko Nairobi, si yeye. Mchungaji Wepukhulu alifariki mwaka juzi. Huku kwetu hakuna mtu mwingine anayejua kuwa kile chombo kinakula sita.

Funga mlango. Nijibu haraka, naogopa.

Njambi


Turbo
3 Machi 2013

Mama Naomi,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikamalizia nimekaa.

Nilikwenda zizini kwa Kigen jioni ile ile. Nilikuwa nimechoka kuogopa, nikasema liwe liwalo. Kigen alikuwa akikamua. Nikaweka ule mfuko mbele yake kwenye nyasi, nikamuuliza, "Hizi ni zako?"

Hakuinua uso. Akasema, "Ziweke mahali pakavu, Anti."

Nikamuuliza, "Kwa hivyo ulijua?"

Akaendelea kukamua. Alipommaliza ng'ombe akasogeza ndoo kando, akafuta mikono kwenye suruali. Akaniambia, "Nilikaa dukani kwa Mzee Kiarie utoto wangu wote. Yule mzungu hukohoa mara moja. Siku ile alikohoa mara mbili."

Nilitaka kumshika, nilitaka kumpiga kofi kwa miaka yote ile. Sikufanya hata moja. Nilimuuliza tu, sasa betri za nini, na mambo yametulia? Akachukua ndoo yake. Akasema anaomba zioze bila kutumika.

Kesho tunapiga kura. Betri nimeziweka ndani ya gramafoni, nimeijaribu, inaimba vizuri, haijivuti. Mwambie Mzee wako santuri iko salama. Mwambie pia dari nimeipangusa, isije ikahitajika tena.

Jepchumba